Kwa Nini Wasso Hawataki Picha Safi

Wasso, Jumatano

Mama Deo wangu,

Pokea salamu zangu, zile nzito nzito, uzigawe na watoto lakini nyingi ubaki nazo wewe. Huku mimi mzima, chakula kinapita, kikohozi cha vumbi kimepungua. Kinachonisumbua ni wivu, na nimeuliza duka la dawa, hawana cha kunipa. Wewe hujambo? Deo na Neema wanaendeleaje? Mama magoti yake vipi? Mahindi ya hapo Qurus yameshaonja mvua au nayo yanaangalia mawingu tu kama sisi?

Nimeona niandike kwa sababu simu yako unaiweka spika. Mama anasikia, watoto wanasikia, kuku wanasikia, na nikikata ndo nakumbuka nilichotaka kusema. Barua hii nampa konda wa basi, ataiacha dukani kwa kaka yako pale stendi ya Karatu. Isome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee, na unajua namsema nani.

Nianze na biashara ya kibanda changu cha muvi. Unakumbuka nilipobeba hela yote ya vitunguu nikaenda Arusha, nikarudi na flati, ile TV bapa ya inchi hamsini, na hard disk iliyojaa muvi za HD? Uliniuliza swali moja tu: "Hao watu wa Wasso wamekuambia hawaoni?" Nikacheka, nikasema mwanamke hajui soko. Sasa naandika kwa mkono wangu huu: walikuwa wanaona.

Mteja anakuja na kiflashi chake chenye kwaya na picha za harusi ya dada yake. Namwambia chukua hii HD, safi kama maji ya chemchemi.

"Ina DJ?" anauliza. Yaani yule mtu anayeisimulia muvi kwa Kiswahili juu kwa juu.

"Haina, hii ni yenyewe kabisa, Kiingereza."

"Sasa nimuone vizuri mtu ambaye sijui anasema nini?"

Mwingine anakataa kwa sababu muvi moja inajaza flashi yote, wakati za zamani zinaingia nane na nafasi ya kwaya inabaki. Mama muuza chai hapo jirani alikubali, akarudi kesho yake.

"Deki yangu haiisomi."

"Hiyo mama inataka deki mpya."

"Na deki mpya ikikataa ile TV yangu ya chogo?"

"Unatafuta flati."

"Na flati ikimaliza sola?"

"Unaongeza sola."

"Baba, nimekuja kuchukua muvi, wewe unanijengea nyumba. Nipe ile ya juzi."

Ile ya juzi picha yake ina ukungu kama kreta ya Ngorongoro saa kumi na mbili asubuhi. Akaondoka nayo anaimba.

Nikasema basi, wafugaji ndo wangu. Siku ya mnada mchana nikawajaza kibandani, nikawawekea ile muvi ya Wazungu wachunga ng'ombe, wenye kofia na bastola. Hiyo wanaipenda kufa, wameshaiona mara nne kwenye nakala ya DJ. Nikajua wakiona ng'ombe kwenye HD, wakaona mpaka ulimi, watanibeba juu juu. Mbele amekaa Mzee Lembris, mnunuzi wa ng'ombe anayetoka Malambo, kelele zake unazisikia kabla hujamuona. Tukafika pale jamaa anamvuta ng'ombe atoke mtoni.

"Simamisha," Lembris akasema. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Ng'ombe aliyeingia mtoni ana baka jeupe mguu wa kushoto. Huyu aliyetoka hana. Yule mwingine yuko wapi?"

"Mzee, hii ni muvi."

"Nakuuliza wewe Mmbulu, ng'ombe yuko wapi?"

Kibanda kizima kikasimama. Huyu anasema amekufa maji, huyu anasema ameibiwa na wapiga picha, vijana wanataka nirudishe tena wahesabu mapembe. Wakagundua na farasi wa steringi ni wawili. Ikawa kesi. Mwisho Lembris akasema hawa watu ni waongo, weka ile ya zamani. Nikaweka ile ya zamani, muvi ileile, mto uleule, wakatulia wakaangalia mpaka mwisho na wakapiga makofi ng'ombe alipookoka. Flati nikaifunika kitenge. Ipo mpaka leo, kama maiti inasubiri ndugu.

Sasa tuje kwa jirani yako Boay.

Boay anayeshusha Wazungu kreta. Boay ambaye alikuja kwenu kuposa kabla yangu, baba yako akamkatalia kwa sababu hakuwa na shamba. Leo ana gari la kampuni, paa lake limejaa sola, na flati yake inaizidi yangu. Wiki ileile Wasso wananikimbia, wewe unanipigia una furaha: "Baba Deo, kwa Boay picha ni safi, mpaka jasho la mtu unaliona." Jasho la nani, Mama Deo? Niliuliza hapohapo, ukasema la mcheza mpira. Haya. Nikauliza mnaenda na nani, ukasema na watoto na mama. Nikashukuru Mungu kuna mlinzi. Halafu Deo akadaka simu akasema bibi huwa analala kabla taarifa ya habari haijaisha.

Hebu fikiria. Mimi ndo muuza picha safi wa wilaya nzima ya Ngorongoro, na hakuna anayeitaka. Mtu pekee anayeipenda Tanzania hii ni mke wangu, na anaenda kuiangalia kwa mwanaume mwingine.

Sasa nakuambia kitu ambacho kwenye simu nisingeweza. Ile video ya Neema anacheza uani, uliyonitumia kwenye memori kadi, iliyopigwa na simu ya Boay, nimeiangalia kila siku kwenye kisimu changu hiki chenye kioo kilichopasuka. Neema anaruka, wewe uko nyuma na ungo, unacheka. Nilikuwa nasema, ona mke wangu anavyonichekea. Jana asubuhi nikaona hii flati ifanye kazi hata siku moja, nikaichomeka kadi. Mama Deo, ilikuwa kama nimefungua dirisha la kwetu. Na nikayaona macho yako. Hayako kwa Neema, wala kwangu. Yako juu kidogo, kwa aliyeshika simu. Na ni kicheko cha meno yote, kile mara ya mwisho nilikipata mimi siku ya ubatizo wa Deo.

Hapo ndo nikawaelewa watu wa Wasso. Mtu ana picha yake yenye ukungu, anaishi nayo vizuri, pale pasipoonekana anajazia anachopenda mwenyewe. Ukimsafishia unampa na vitu ambavyo hakuomba. Kwa nini awe na haraka ya kusafishiwa?

Nilikuwa nimekaa hivyo, chai imepoa, Lembris akaja kuchaji simu. Nikaona nimpate shahidi.

"Mzee, muangalie huyu mwanamke. Anamchekea nani?"

Akaisogelea flati kama anasogelea zizi. Rudisha. Simamisha. Rudisha.

"Ni mkeo huyu?"

"Ndiyo."

"Mlango wenu umeng'oka bawaba."

"Mzee, nakuuliza macho."

"Macho nimeyaona. Mwenye simu amesema kitu cha kuchekesha. Na huyu bibi pembeni naye anacheka, au naye anatongozwa na huyo mtu?"

Nikaangalia. Kweli mama yumo, amekaa kwenye gunia, anacheka mpaka kilemba kimeshuka. Mara zote nilizoangalia sikumuona mama yangu mzazi.

"Sasa liangalie hilo jiwe walilozuilia mlango," Lembris akaendelea. "Jiwe kubwa vile, jioni analisukuma nani? Na mbona ungo anaushika kwa mkono mmoja na goti? Mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Amekonda huyu. Mnunuzi anayeangalia mapembe tu anarudi nyumbani na ng'ombe mgonjwa."

Usikasirike kufananishwa na ng'ombe, kwake hiyo ni heshima kubwa.

Akachukua simu yake akaondoka. Mimi nikabaki na jiwe. Nikakumbuka simu zetu zote za karibuni: Boay kasema nini, Boay alikaa kiti gani, taa ilikuwa inawaka, mpaka salio linakata. Ungepata wapi nafasi ya kuniambia mlango umeanguka? Ulikuangukia mkononi? Umeenda zahanati? Nijibu hilo kwanza, la Boay nijibu baadaye. Lakini nijibu.

Nimeshanunua bawaba tatu, misumari na komeo. Jumamosi napanda basi. Na flati nakuja nayo, nitaipakata kama mtoto kuanzia hapa mpaka Karatu, abiria watanisamehe. Nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Upo, umekaa kifuani umekunja nne. Kwa hiyo Boay akisema aje aufunge huo mlango kabla sijafika, mshukuru vizuri na umwambie hapana. Angeufunga siku ya kwanza ningempigia magoti. Sasa hivi huo mlango ni wangu.

Nisalimie mama, mwambie kwenye picha safi anaonekana msichana, ila ulinzi nitautafutia mtu mwingine. Mdogo wangu Tluway mwambie jiwe ni lake asubuhi na jioni mpaka nifike, ugali wetu si wa bure. Kaka yako wa dukani msalimie kwa kuipokea barua hii. Baba yako mpe shikamoo mbili, ya pili ni ya kumkatalia yule. Lembris naye anakusalimia, anasema mkono huo upake mafuta ya kondoo.

Nikimaliza kufunga bawaba za mlango, ukae palepale na ungo wako. Safari hii simu nitashika mimi. Nitasema kitu cha kuchekesha, unajua ninavyo vingi. Halafu tutaiweka kwenye flati, watu wawili tu, niyaangalie macho yako yako wapi.

Mimi mumeo, mwenye wivu na bawaba tatu,
Gwandu, Baba Deo