Mguu wa kitanda nilioupaka mafuta

Jumanne, Chamazi. Jua limewaka toka asubuhi, nguo zimekauka kabla sijamaliza kuanika, na mie nimejifungia ndani kama mwizi.

Shule sijaingia hata siku moja. Naisemesha simu, yenyewe inaandika. Aliyenifungulia ukurasa huu ni mjukuu wangu Zuhura, na leo nasema ubaya niliomfanyia yeye.

Zuhura yuko chuo kikuu. Kazi yake ni mbao kuukuu na kamba kuukuu: anataka kujua zinaozaje kwa ndani, ili vitu vya kale vitunzwe. Wana mashine inayomulika mbao kwa mwanga, halafu inachora mistari yenye vilima. Kila kilima ni kitu kilichomo ndani ya mti. Kilima kikishuka, ujue kitu hicho kimeliwa na miaka. Alinieleza mara tatu nikiwa nakuna nazi, mpaka nikaelewa.

Akaniomba mguu mmoja wa kitanda cha kamba cha bibi yangu, na kipande cha kamba yake ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Akanionya kwa utani wetu wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu, usivifute, usivioshe. Hilo vumbi niachie mwenyewe, nitavifuata wiki ijayo."

Alipoondoka nikautazama ule mguu. Utando wa buibui, mavi ya mijusi. Nikawaza, huu unakwenda kwenye meza ya wasomi, watasema kwao Zuhura ni wachafu. Kwetu kitu hakitokagi nyumbani bila kusafishwa. Nikaifua kamba kwa sabuni na ndimu. Mguu nikauosha, nikaupaka mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe, siku tatu mfululizo, mpaka ukayanywa.

Nilijua nimekatazwa. Nikafanya.

Alipokuja kuuchukua akauliza mbona unang'aa. Nikamwambia umeng'arishwa na mikono ya watu, miaka yote hiyo. Akaniamini, maskini.

Jana amekuja macho mekundu. Vilima vyake vimekataa. Pale ambapo mti mkongwe unatakiwa kuwa umeshuka, wake umesimama kama mbao iliyopasuliwa juzi. Mwalimu wake amemuuliza mbele ya wenzake kama kweli kitanda ni cha zamani, au ameokota mbao kwa fundi seremala akaja kuwadanganya. Kesho anatakiwa ajieleze, la sivyo kazi yote inatupwa.

Nikamsongea ugali. Nikamwambia labda mashine mbovu.

Labda mashine mbovu! Mtoto niliyemlea tangu ana miezi minane anaitwa mwongo, na mwongo mwenyewe nimekaa mbele yake namwongezea mchuzi.

Leo mchana nikampigia. Nikasema yote kwa mkupuo: sabuni, ndimu, mafuta, siku tatu.

"Nitukane basi," nikamwambia.

"Mafuta yamebaki?"

"Nusu chupa."

"Yalete chuoni kesho saa tatu. Tukiyamulika peke yake tutaona yamefunika wapi. Halafu Bibi, utamwambia mwalimu wewe mwenyewe. Mie hataniamini."

Bibi. Utani wote umeisha.

Sikumuuliza kama kazi yake itapona. Sina uso huo.

Huyo mwalimu, nasikia, ni sawa na mwanangu wa mwisho. Ataniamkia shikamoo kwa adabu zote, nami nitaitikia marahaba, mtu mzima na mvi zangu, halafu nianze kueleza nilivyodanganya. Afadhali wanawake wa mtaa mzima waje kunisuta mlangoni na ngoma zao. Hao ningewajibu.

Lakini nitakwenda. Nitamwambia: mwongo ni mie, si mtoto.

Maneno hayo tu. Nayarudia toka saa nane, na bado yananikwama.