Stika za Betri Namba Nne

Karakana ya Baba,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama anasema nikupe salamu zake kabla sijaanza zangu, maana nikianza sikomi. Goti lako linaendeleaje? Na Baba Mdogo, kile kikohozi chake kimemwacha au bado anajifanya ni vumbi? Tunawaombea. Sisi huku tu wazima. Presha ya Baba imetulia, ila ukimwambia apunguze chumvi anageuka kiziwi. Mama bado anashona, na sasa anamwita mtu yeyote aliye karibu amtungie uzi kwenye sindano, hata wateja.

Najua unasubiri kusikia nasafiri lini. Baba alikupigia simu akakuambia nitakayekuja ni mimi. Nina la kusema kuhusu simu hiyo, lakini acha nianzie mbali kidogo, nipate ujasiri.

Namwonea wivu mdogo wangu. Nimeliandika sasa, limetoka. Si wivu wa juzi wala jana, ni wa miaka, na umenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ulipoondoka, Kinda alikuwa kitoto cha mapengo. Sasa ana miaka ishirini na mbili, na akishika rimoti ya droni pale uani, watu wanatoka madukani kumtazama. Muuza vioo anaacha kioo nusu kimekatwa. Mimi nina miaka minane kwenye meza ya ufundi, na nikimaliza kazi iliyowashinda mafundi watatu, hakuna hata anayeinua kichwa.

Na wewe, Mama Mdogo, umo. Usicheke. Mwaka jana tulikutumia zile picha za mashamba zilizopigwa na droni yetu, ukajibu kwa maneno mawili: "Nani aliyerusha?" Aliyerusha ni Kinda. Lakini droni hiyo ililetwa kwetu ikiwa maiti, imelowa chapachapa ndani ya mfuko, na mwenyewe akaitelekeza. Niliyeikausha ni mimi. Niliyeirudishia nyaya na mota moja ni mimi, wiki tatu nimeinama mpaka shingo ikakakamaa. Hukuuliza nani aliyeifufua. Nilisoma jibu lako, nikarudi kazini.

Kisha ikaja barua yako kwamba kuna nafasi ya mtu mmoja kwenye kazi yenu ya kupiga picha mashamba kutoka angani, Baba achague. Baba alimtaja Kinda hata miwani hajavua. Siku ile sikula. Nilimwambia Mama tumbo linaniuma.

Mwezi uliopita wapima ardhi walituita kwenye uwanja wao, tuwapigie picha za viwanja vipya. Kinda alirusha mara mbili, kazi safi. Mkuu wao, bwana mmoja wa kofia pana, alimsifu mpaka nikaanza kuhesabu mawe chini. Akaomba arushe mara ya tatu. Droni ina betri nne. Namba moja na namba mbili ndizo Kinda anazorushia, na zote zilikuwa zimekwisha. Tatu na nne ni zangu, za kufanyia majaribio mezani. Baba akafungua mkoba wangu akampa namba nne. Hakuniuliza. Nilikuwa nimesimama palepale, nimenuna.

Droni ilipanda vizuri. Ilipokata kona kwa kasi, ikazima. Haikuyumba wala haikulia, ilizima tu kama taa umeme ukikatika, ikashuka kama tofali, hatua chache kutoka kwenye gari la yule bwana. Mapanga mawili, yale yanayozunguka kuirusha, yalivunjika, na mguu mmoja, na kioo cha kamera kikapasuka. Mungu alisaidia, hakuna aliyeumia.

Sasa hili nakuambia wewe peke yako. Kabla sijasikia hofu, nilisikia raha.

Baba akanigeukia mbele za watu. "Bisibisi, nini hiki?" Mimi sikuwa bado nimeigusa droni hata kwa kidole. Nikajibu papo hapo, "Hakuisukuma betri mpaka mwisho. Haraka zake."

Kinda akaapa kwamba aliisukuma, akaisikia ikilia tak. Nani wa kumsikiliza? Baba huliamini neno langu la ufundi kama anavyoiamini mita. Jioni ile akamnyang'anya rimoti, akamhamishia kwenye duka letu la umeme auze balbu na swichi. Akakupigia simu wewe. Kesho yake nikanunua begi jekundu la magurudumu, nikawa nalizungusha sebuleni bila sababu, Kinda akiwa ameketi pale. Nilipanga nguo, nikazipangua, nikazipanga tena, ilimradi aone.

Wiki moja baadaye Baba alinipa ile droni niitengeneze. Kuweka mguu na mapanga ni kazi ya asubuhi moja. Lakini fundi harudishi kitu bila kujua kilikufa kwa nini, na mimi, kusema kweli, nilitaka ushahidi wa kumkandamiza Kinda kabisa, asiinuke tena.

Nikaanza na betri yenyewe. Nikailaza juu ya kipande cha kioo nione kama imevimba, maana iliyovimba hubembea. Haikubembea. Nikaipima kwa mita: umeme tele. Nikayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikayapitishia pamba yenye spiriti. Yalikuwa hayana kutu, hayajaungua. Nikamulika ndani ya droni kwa lenzi, kule meno ya betri yanakokutana na meno ya droni. Hakuna lililopinda. Nikaiwasha, ikawaka vizuri. Nikaiacha imewaka nusu saa, taa yake hata haikupepesa.

Hapo ningeandika kosa la mrushaji nikafunga daftari. Badala yake nikafungua mapanga yote yasije yakanikata, nikaiwasha tena, nikaishika mkononi na kuitikisa kama chupa ya dawa. Ikazima. Nikaweka namba moja, nikatikisa mpaka mkono ukachoka, haikuzima. Namba mbili, vilevile. Namba tatu, ikazima. Namba nne, ikazima. Zote mbili zangu.

Nikachukua karatasi ya kawaida, nikajaribu kuipenyeza kati ya betri na mwili wa droni. Kwa zile za Kinda haikupita. Kwa zangu iliteleza mpaka ndani. Betri zangu zilikuwa hazifiki mwisho. Klipu za kuishika betri ziko mbili, na moja tu ndiyo iliyokuwa ikishika, ya upande wa kulia. Hiyo ndiyo iliyolia tak. Kinda hakusema uongo.

Kilichozizuia ni stika, Mama Mdogo. Wajua utaratibu wa Baba, kila chombo kina stika ya mwenyewe, kuanzia koleo hadi kikombe cha chai. Kinda aliandika namba zake kwa kalamu, juu ya betri, basi. Mimi nilikuwa nimechoka kukuta betri zangu zimetumika na kurudishwa tupu. Nikabandika namba. Juu yake nikabandika YA BISIBISI. Juu yake nikabandika USIGUSE. Halafu nikafunika yote kwa selotepu isichubuke. Nilizibandika ubavuni, upande unaoingia ndani ya droni, ili akivuta droo akutane nazo kwanza. Mezani hazikunisumbua kwa sababu pale droni imekaa tu. Angani inatetemeka, inakata kona, meno yanaachana. Nina miaka thelathini na moja, na nimeiangusha droni kwa kuandika USIGUSE.

Nilizirudisha betri kwenye droo nikafunga. Siku mbili sikusema kitu. Nilijiambia maneno mengi ya kujipoza: kwamba ni Baba aliyempa, kwamba Kinda angeweza kuangalia kabla ya kurusha, kwamba bado kijana na nafasi zitakuja nyingine, kwamba mimi ndiye kifungua mimba. Begi liko wazi, na mimi nakunja kanga.

Siku ya tatu nilipita mbele ya duka kuchukua waya. Mteja, mwalimu mmoja mzee, alikuwa akichagua balbu, na Kinda anamsubiri. Mikono yake ilikuwa chini ya kaunta. Vidole gumba vyake viwili vilikuwa vinasogea polepole, cha kushoto juu, cha kulia kando, kama ameshika rimoti. Hakuwa ameshika chochote. Alikuwa akirusha droni isiyokuwepo, na uso wake umetulia kabisa.

Nitasema ninavyoweza. Nilimhurumia, na palepale nikamwonea wivu kuliko siku zote. Mimi sijawahi kukipenda kitu namna ile. Napenda kusifiwa kwa kazi yangu. Yeye anaipenda hata akiwa amenyimwa.

Nikaenda kwa Baba, nikaweka droni, betri na karatasi mbele yake. Hakuna nilichopamba. Baba alipenyeza karatasi mwenyewe, mara tatu, kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema tu, "Mwandikie Mama Mdogo wako. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako." Akamwita Kinda, nikalazimika kusema tena yote tangu mwanzo.

Nilitegemea apige kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alichukua betri namba nne, akaanza kubandua stika kwa kucha, moja baada ya nyingine, bila haraka. Akaniambia, "Dada, siku zote hizi nimekuwa nikivitazama vidole vyangu nikidhani ndivyo vibaya." Kisha akarudi kwenye balbu zake. Hakunisemesha siku nne.

Siku ya tano alikuja mezani kwangu, akasimama. Alisema kule anakokwenda hakutakuwa na dada wa kumtengenezea, kwa hiyo nimfundishe. Nikamfundisha, nifanyeje? Kulaza betri juu ya kioo, kifutio na spiriti, karatasi, kufungua mapanga kabla ya kutikisa. Moyoni niliomba asishike upesi. Alishika siku hiyohiyo. Mimi yale ya karatasi yalinichukua miaka minane kuyagundua, yeye mchana mmoja.

Basi, Mama Mdogo, nimefika nilipokuwa naogopa kufika. Anayekuja ni Kinda. Begi nimempa, nguo zangu nimezitoa. Anajua kurusha, na sasa anajua na kutengeneza, kwa hiyo umepata wawili kwa nafasi ya mmoja. Nimemwambia kuwa nilikuwa nimechoka na lile begi, magurudumu yake yanapiga kelele. Hayapigi.

Nisalimie Baba Mdogo sana, na mapacha, waambie wasimcheke Kinda akilala mdomo wazi. Msalimie na yule nesi jirani yako. Mama anakutumia kitambaa cha meza alichokidarizi mwenyewe, Kinda atakileta. Baba anasema habari zake atazisema kwenye simu.

Nina ombi moja tu. Ukiniandikia, usimsifu kwanza. Najua ataanza kazi na mtashangaa, na wewe mkono utakuwasha kuandika. Jizuie. Mwezi wa kwanza niandikie tu kwamba amefika salama, anakula, analala. Mwezi wa pili vilevile. Nikiwa tayari kusikia jinsi anavyorusha, nitakuuliza mwenyewe, na hapo uniambie yote, usinifiche hata moja.

Mungu akutunze, akulainishie goti hilo, na nyumba yako isikose kicheko.

Nabaki mwanao nikupendaye, wivu wangu na yote,

Bisibisi