Mafundo Matatu kwenye Mstari wa Amri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepewa onyo la maandishi. La kwanza maishani. Na nililistahili, ndiyo maana linauma.

Maktaba yetu ina katalogi mbili, kwenye seva mbili. Moja ni halisi, ambayo wasomaji wa ghorofani wanatafutia vitabu. Nyingine ni ya majaribio, tunayoichezea sisi wa chini kabla ya kugusa ile ya kweli. Kwenye skrini nyeusi zinafanana kama mapacha. Ule mstari unaosubiri amri unaonyesha jina la akaunti – ni moja, tunaitumia sote – na jina la mashine kwa viherufi vyeupe. Nani anavisoma? Ijumaa nilidhani niko kwenye majaribio. Nikafuta. Vitabu vipya vya siku mbili, kwisha habari yake.

Mkutubi mkuu hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema nikikosea tena nitarudi kaunta ya mabegi, kugawa vibati vya namba. Ndiko nilikoanzia. Nimesoma masomo ya jioni miaka miwili ili nitoke pale. Sirudi!

Mzee Mafundo alinisogezea kikombe chake cha chai. Huyu ni fundi waya, tunakaa chumba kimoja. Jina la Mafundo tumempa sisi, kwa sababu kila waya anaoushika anaufunga kijiuzi chenye mafundo: moja, mawili au matatu. Nyaya zenyewe zina rangi tangu kiwandani. Ukimuuliza anasema ni mazoea tu.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana. Rangi!

Kumbe kuna faili la mipangilio. Ukiandika humo vizuri, mstari wa amri unavaa utakavyo wewe. Nimeamua hivi: halisi nyekundu, majaribio kijani. Mtoto wa chekechea hawezi kukosea.

Asubuhi nzima imeishia hapo. Mara ya kwanza nilisahau vialama vya kuizungushia rangi. Nikiandika amri ndefu, mstari unarudi kujiandikia juu yake wenyewe. Fujo tupu. Mara ya pili kila kitu kikawa chekundu, hata nilichoandika mimi. Saa sita ikakubali. Nikaongeza saa. Nikaongeza kinyota, kwa raha zangu. Jina la mashine nikaona linajaza nafasi tu, rangi si imeshasema? Nikalitoa. Mstari ukapendeza, mfupi, safi.

Jioni nikamwonyesha mume wangu picha kwenye simu. Yeye ni fundi cherehani, ana maoni juu ya kila rangi duniani. Akasema nyekundu yangu ni kali mno, yeye angeweka damu ya mzee. Nikamwambia hii si sare ya harusi.

Akanipa kichekesho cha kwake. Mzee Mafundo alimpelekea koti la kahawia limeachia mkono. Uzi wa kahawia ukawa umeisha. Akashona kwa wa kijani, kijani cha majani mabichi, akiwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Mzee akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Kazi safi, fundi." Akaenda zake. Mume wangu anasema wateja wote wangekuwa hivyo, leo tungekuwa na ghorofa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwonyesha Mzee Mafundo. Alitazama muda mrefu. "Imependeza, binti." Nikasema, sasa hata wewe hutakosea tena, eh? Akasema hapana. Akaenda kutafuta chai, na alikuwa ametoka kunywa sasa hivi.

Nimekuwa nikiingia na kutoka kwenye seva bila kazi yoyote, nione tu mstari wangu. Nimependa. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Katalogi halisi imezimika dakika kumi na mbili.

Nilikuwa ghorofani nabadilisha wino wa printa. Nikaona wasomaji wanatazamana. Nikashuka ngazi mbili mbili. Kufika chini, imerudi yenyewe. Mzee Mafundo alikuwa anajipangusa vumbi magotini. Ilikuwa zamu yake ya kufuta katalogi ya majaribio, kama kila Alhamisi, kwa karatasi yake ya amri nne.

Mkutubi mkuu akashuka nyuma yangu. Akauliza nani kabadilisha nini wiki hii. Mzee akafungua mdomo. Akaufunga. Nikasema ni mimi, nimeweka rangi. Mkutubi akasema kesho saa nane mchana atashuka aone hilo pambo langu, kisha "tutaamua". Tutaamua – na yuko peke yake!

Nimepitia faili mara tano. Rangi haizimi seva. Haiwezi. Lakini nani atanisikiliza, na onyo halijakauka wino?

Mume wangu kasema hata mabegi yanahitaji msomi wa kuyatunza. Nimemrushia mto.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika mezani kazini. Saa saba na dakika arobaini.

Asubuhi niliingia chini ya meza kukagua waya wa mtandao wa seva halisi. Una mafundo matatu. Ulikuwa haujachomekwa hadi mwisho, na vumbi la sakafuni limefutika mahali pawili, upana wa magoti. Nikabaki nimechuchumaa. Mafundo. Koti. "Kazi safi, fundi." Nikainuka ghafla, nikagonga kichwa mezani.

Nikafunga mlango. Sikujua niulizeje, nikauliza tu: "Mzee, huu mstari una rangi gani?"

Akashusha kikombe mezani. Halafu akasema yeye nyekundu na kijani anaona kitu kimoja, tope. Tangu kuzaliwa. Soksi anachaguliwa na mkewe. Miaka ishirini na sita humu ndani hakuna anayejua, maana fundi waya asiyejua rangi nani atamwajiri? Jana alikuwa na karatasi yake ya amri nne, madirisha mawili yanayofanana, na jina la mashine nimelitoa mimi mwenyewe. Akaogopa kufuta lisilofutwa. Akachomoa waya wa mafundo matatu. Dirisha lililoganda ndilo la halisi. Akafuta kwenye lile jingine, akarudisha waya.

"Nilikuwa nalinda vitabu, mwanangu. Halafu ulipoulizwa wewe, niliona haya kusema."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia: ungeniacha nirudi kwenye mabegi? Akasema usiku hakupata usingizi. Uso wake ulionyesha ni kweli. Hasira ikaniisha. Na mimi je? Mstari uliokuwa unasomeka na kila mtu, nimeupamba mpaka yeye hausomi.

Nikamwambia habari za uzi wa koti. Alicheka mpaka akakohoa.

Tukavuta viti. Majina ya mashine nimeyarudisha, herufi kubwa. Kisha mbele ya jina tukaweka mafundo: viduara vidogo, kimoja kwa majaribio, vitatu kwa halisi. Akavihesabu kwa kidole juu ya kioo. "Matatu. Halisi." Akafungua dirisha la pili. "Moja." Akafungua tena la kwanza bila sababu, nikajua na yeye kapenda. Rangi nimeiacha, ya kwangu. Kinyota kaniomba kibaki.

Nimemwambia nitasema nilikosea mipangilio. Si uongo mkubwa. Siri yake ibaki yake, na mabegi nayajua, hayaumi. Yanaumaaa! Lakini nitasema hivyo.

Saa nane kasoro dakika mbili. Viatu vya mkutubi mkuu ngazini, vile vyenye kisigino.

Mzee ameinuka. Anavaa koti, na chumba hiki ni joto. Nimemwashiria akae.

"Wewe fungua skrini, binti. Mengine niachie mimi."

Amefika mlangoni kabla yake. Mama wa watu hata hajaingia vizuri. Mzee amenyoosha mkono, anamwonyesha mshono wa bega.

"Samahani, mama, kabla hujamuuliza huyu chochote. Nisomee hapa. Huu uzi una rangi gani?"