Vidole vya Chai

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimechuma chai mpaka kikapu kikawa kizito mgongoni. Jioni kwa mwalimu Zuhura, mpangaji wangu, mtu wa Tanga. Tumejaza fomu ya viza kwenye simu yake. Wanauliza naenda Ulaya kufanya nini. Kumwogesha mjukuu, nikasema. Binti yangu Atupele anajifungua mwisho wa Aprili. Mimba mbili zimeshaharibika, na kule hana hata wa kumkorogea uji.

"Bibi, hakuna sehemu ya kuogesha. Kuna utalii."

Akabonyeza utalii. Haya. Tarehe ya kuzaliwa niliandikiwa Januari mosi, sijui nani aliiona. Mama alisema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage.

Jumanne, 11 Machi
Wanataka barua kwamba nina shamba na ng'ombe. Nimepanda mlima wa ofisi ya mtendaji wa kijiji mara tatu. Leo nimemkuta. Ananiuliza kama nitarudi kweli. Nimemjibu ng'ombe wangu ana mimba, au utamkamua wewe? Akagonga muhuri.

Jumatano, 19 Machi
Dar. Joto baya. Ofisi ya viza wanakuwekesha vidole kwenye kioo. Mashine imekataa vyangu vyote kumi. Binti wa dirishani anasema alama zimefutika.

Chai hiyo. Nimechuma tangu sijaolewa. Shule sikukanyaga, herufi nimezijulia kwenye kisomo cha watu wazima, tayari nina mvi. Atupele nimemsomesha kwa vidole hivi. Leo ndivyo vinanizuia kumfikia.

Nirudi tarehe 16 Aprili. Nipumzishe mikono, nipake mafuta. Sikulia mbele yao. Nimelia kwenye basi.

Jumapili, 30 Machi
Mafuta ya parachichi asubuhi na jioni, juu yake soksi mikononi. Sishiki jembe wala sufuria. Kanisani wenzangu wananicheka. "Bibi harusi, ndoa lini?" Nimewaambia pilau yangu hamtaionja.

Chai inakomaa shambani. Ikomae. Zuhura ananifulia nguo. Nampenda, ila hajui kusuuza.

Kidole gumba kimeanza kuonyesha mistari.

Jumatano, 16 Aprili
Vidole vinane vimesoma! Viwili wamevisamehe. Nikapiga kigelegele. Mlinzi akanikazia macho, na mimi nikamkazia.

Halafu mahojiano. Bwana mmoja kaniuliza nitatembelea vivutio gani. Zuhura alinifundisha jina la daraja la huko, safari nzima nilikuwa nalikariri. Nikamwangalia yule bwana. Nikasema, mtoto. Nakwenda kumwona mtoto, nimwogeshe, nirudi. Siwezi kuanza kusema uongo kwenye uzee huu.

Ijumaa, 25 Aprili
Wamekataa. Zuhura kasoma mara mbili. Eti hawana hakika nitarudi. Niache kaburi la mume wangu na migomba yangu, nikae kwenye baridi ya watu?

Zuhura anajilaumu kwa sababu ya utalii. Nimemwambia anyamaze, ale ndizi. Tutaomba tena. Safari hii aandike kuogesha, hata kama ni pembeni ya karatasi.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Alhamisi, 1 Mei
Wa kike. Mzima. Analia kama mtu mwenye haki yake.

Zuhura alishika simu, Atupele akamweka mtoto karibu na beseni. Nimemwambia kiwiko kwanza kwenye maji. Shingo ilaze kwenye mkono wa kushoto. Usiogope, havunjiki. Mwanangu kamwogesha. Walipokata simu nikaona mikono yangu bado iko mbele yangu, imeshika hewa.

Mvua imepungua. Jirani kapita kuniuliza mbona siendi kuchuma, chai inaharibika. Iharibike.

Nimepaka mafuta. Nimevaa soksi.