Mume Wangu Anataka Binti Yetu Akawalishe Taa Baharini

Mpendwa Shangazi mshauri wetu, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu kwenye daftari la mwanangu na mara zote tatu nimeichana, hii ya nne naituma ilivyo hata kama maneno hayajakaa sawa, maana wiki mbili zijazo shule zinafungwa na mimi bado sijampa mume wangu jibu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, nimezaliwa Misima kule Handeni, sasa naishi Segera na binti yangu Munira mwenye miaka mitano, nauza machungwa pale mabasi yanaposimama. Mume wangu Sadala ni mtu wa Dindira, milimani, bahari ameijua ukubwani, ila huu ni mwaka wa pili anafanya kazi upande wa Pangani kwenye boti ya kutembeza wageni. Wanawapeleka kwenye fungu la mchanga ambalo maji yakitoka linabaki wazi, na pembeni yake, kwenye maji ya magotini, wanakuja samaki wanaoitwa taa, wapana kama sinia, mkia mrefu kama fimbo, na wageni wanawalisha vipande vya ngisi kwa mkono huku wanapigwa picha. Ndiyo kazi ya mume wangu, kushika ndoo ya ngisi na kuwaonyesha wageni namna ya kulisha.

Shangazi, anakuja nyumbani kila baada ya miezi miwili, anakaa siku nne. Siku ya kwanza Munira anampa shikamoo kama anavyompa mwalimu halafu anajificha nyuma ya mlango, siku ya pili anamchungulia, siku ya tatu anakaa karibu yake lakini hamgusi, siku ya nne ndiyo anampanda mgongoni, na siku hiyohiyo baba anafunga begi. Safari iliyopita alisimama mlangoni na begi begani, hasogei, nikamwambia basi litakuacha, akaniambia, "Mama Munira, huyu mtoto ananizoea siku ya kuondoka." Alipoondoka nikafua suruali aliyoiacha, mchanga ukamwagika kutoka kwenye mapindo, ningeutupa kama uchafu mwingine lakini nikaufagia nikautia kwenye kopo, na kopo liko juu ya kabati mpaka leo, usinicheke.

Sasa ameomba ruhusa kwa bosi wake, amekubaliwa, likizo hii twende mimi na mtoto tupande boti siku moja pamoja na wageni, Munira aingie majini akawalishe taa, yeye akiwa amemshika mkono. Ametuma video. Munira ameiangalia mpaka simu imezima, sasa hivi kila akinywa uji anamimina kidogo kwenye kiganja ananiambia mama njoo, wewe ni taa. Nikampigia Sadala nikamuuliza kama samaki hao hawana neno.

"Hawana neno," akasema. "Wameshazoea watu. Ni kama ndama."

"Ndama nao wanakanyaga."

"Wewe sema tu unaogopa maji."

"Maji siyaogopi, nimekulia kwenye lambo."

"Lambo la Misima," akacheka mpaka akakohoa. "Haya, njoo uone maji." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Akinishika mkono mle majini hata saa moja tu, nikija tena hatajificha."

Nikamwambia nitampa jibu.

Na si uongo, kwenye lambo ndiko nilikokulia. Kwetu kiangazi maji yakipungua tunaingia wanawake na watoto kutafuta kambale kwa miguu, unatembea taratibu kwenye tope, ukisikia kitu kinateleza chini ya unyayo unakikanyaga kwa nguvu zako zote na huachii mpaka mwenzako apitishe mkono amtoe. Kambale naye ana miiba yake lakini tumeshamjua. Hata Munira nimemfundisha mwaka jana tulipokwenda kwa bibi yake, akamkanyaga mmoja mwenyewe, akapiga kelele za furaha lambo zima likageuka kumtazama. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukimbia samaki.

Kinachoninyima usingizi ni mguu wa Sadala. Safari hiyo iliyopita alipokuja aliingia na soksi, na yeye si mtu wa soksi. Alipolala mchana nikamvua, nikakuta pembeni ya kifundo ana shimo jeusi, ncha ya kidole inaingia. Alipoamka nikamuuliza, akasema amechomwa na mkonge akikatiza shambani. Shangazi, babu yangu alikuwa mkata mkonge maisha yake yote, mwiba wa mkonge naujua, unaacha kidoa, hauachi shimo. Lakini nilinyamaza kwa sababu tulikuwa tumebakiza siku mbili na sikutaka moja iishie kwenye ugomvi.

Juzi basi la kutoka Tanga likasimama, akashuka Habakuki, anafanya kazi boti moja na Sadala, akaja kwenye meza yangu.

"Shemeji, mguu wa mzee umepona kabisa?"

Nikajifanya najua. "Umepona, shemeji."

"Afadhali. Siku ile alituogopesha. Mwanaume mzima alilia mpaka wageni wakaanza kulia."

Nikaendelea kupanga machungwa, yeye akaendelea kusimulia. Kumbe ndoo ilimwagika, taa wakaja wengi kwa mpigo, mtoto wa mgeni mmoja akaanza kupiga kelele, Sadala akambeba akarudi nyuma harakaharaka, akamkanyaga mmoja, mkia ukapanda, mwiba ukaingia. Kwenye boti huwa wana chupa ya maji ya moto kwa ajili ya jambo hilo, lakini siku hiyo wageni walikuwa wameshapikiwa chai kwa maji hayo. Wakamfunga kamba mguuni mpaka wakafika nchi kavu. Alilala siku tisa. Siku hizo tisa mimi aliniambia mtandao unasumbua.

Sasa nifanyeje? Nikikataa, ataona nimemnyima mtoto wake. Nikikubali, mwanangu anaingia kwenye maji yaleyale, na kwa mtoto mimi sina mchezo. Tena nikueleze ukweli wote, nataka kwenda. Sijawahi kuona chumba anacholala. Nataka nijue asubuhi akitoka jua linamkuta upande gani, na nguo zake anazianika wapi. Nakaa pale Segera, kila basi linalotoka Tanga nalitazama dirisha kwa dirisha, hata siku ambazo najua hayumo.

Mama Munira, Segera

JIBU

Marahaba, Mama Munira. Kopo sijalicheka. Liache hapohapo juu ya kabati.

Nianze na jambo uliloliandika kwa kujivunia, la kambale, maana nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nimezungumza na mzamiaji mmoja wa siku nyingi na muuguzi mmoja, na wote wawili wameniambia kitu kimoja. Taa hana haja na wewe. Analala chini, amejifukia mchanga, na huo mwiba wake wa mkiani wenye meno kama msumeno na sumu yake hautumii mpaka akanyagwe au abanwe. Mumeo alirudi nyuma kwa mguu mzito, basi. Mwanao umemfundisha makubwa kuliko hayo: akisikia kinachoteleza, akanyage kwa nguvu na asiachie. Kwenye lambo la Misima amefaulu. Kule atafanya vilevile kabla baba yake hajafungua mdomo, na kwa kimo chake, mkia ukipanda hauishii kwenye kifundo. Unafika tumboni.

Kwa hiyo Munira haingii kwenye maji yale. Likizo hii wala ijayo. Akilia, alie, utambembeleza.

Na hayo ya ndama umwambie Sadala aache. Ndama umemfuga, anakujua. Taa hawakufugwa na mtu, wamefundishwa tu kwamba palipo na miguu ya watu pana chakula. Hawamjui mumeo, wanaijua ndoo. Ndoo ilipomwagika yeye mwenyewe aliona urafiki wao ulipoishia.

Wewe ni mtu mzima, ukitaka kuingia siwezi kukushika kanga. Lakini miguu ya lambo uiache Segera. Majini unaburuza nyayo kwenye mchanga, huinui, ili samaki asikie unakuja aondoke. Humshiki, humkumbatii kwa ajili ya picha, husimami karibu na mkia wake. Kulisha waachie wengine, na ukinisikiliza mimi, hata hao wengine wangewatazama tu kutoka kwenye boti. Kabla hujapanda, omba uonyeshwe chupa ya maji ya moto, uitikise mwenyewe uone imejaa, na useme mbele ya wote kwamba chai ichemshiwe maji yake. Mtu akichomwa atolewe majini, jeraha lioshwe, likivuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Halafu mguu ulowekwe kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima mwingine ameyajaribu kwanza kwa mkono wake akayavumilia, ukae humo nusu saa hadi saa moja na nusu, yakipoa yaongezwe, na siku hiyohiyo hospitali. Hakuna kuchanja kwa wembe, wala kufunga kamba kama walivyomfunga mumeo, hilo msilirudie. Mwiba ukiwa umekwama shingoni, kifuani au tumboni hauchomolewi na mtu yeyote ila daktari.

Sasa tuje nyumbani. Sadala amekuficha jeraha. Wewe umemficha kwamba umeliona, halafu ukamficha kwamba umeambiwa. Mna siku nne kila miezi miwili, na mbili mmezimaliza mkitazamana na soksi. Usiniambie uliogopa ugomvi. Uliogopa kupunguziwa siku, naelewa, ila siku mnazofichana nazo zimepungua tayari.

Mpigie mumeo leo, Munira akiwa shuleni. Usianze na taa. Mwambie, "Habakuki amenieleza, na zile siku tisa nilitaka niwe mimi wa kukukanda huo mguu." Kisha nyamaza umwache aongee. Atajitetea, mwache ajitetee. Akimaliza ndipo umwambie mtoto haingii majini, useme mara moja tu, usirudierudie.

Halafu uende. Umenisikia vizuri, nimesema uende. Mumeo anadhani anahitaji maajabu ili binti yake amzoee, na ni kwa sababu hajawahi kupewa muda wa mambo ya kawaida. Mtoto wa miaka mitano anamzoea anayemkoroga uji, anayemwogesha, anayemtafutia kiatu kimoja kilichopotea. Kama Sadala anataka kulisha kwa mkono wake, samaki wa kukaanga wapo, ammenyee miba amlishe Munira. Ngisi awape wageni saa za kazi.

Wala msiende kwa siku moja ya boti. Meza ya machungwa mwachie jirani, nendeni wiki nzima, mkae kwenye hicho chumba usichokijua hata kama ni kidogo. Siku ya kwanza Munira atajificha nyuma ya mlango, mwacheni. Ya pili atachungulia. Ya nne atapanda mgongoni kwa baba yake, na hakutakuwa na begi la kufunga. Kesho yake ataamka amkute bado yupo. Hiyo ndiyo siku ya tano, Mama Munira, na katika nyumba yenu hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.