Mstari Mfupi

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Kidomo,

U mzima huko? Kifua chako kinaelewana na mvuke wa hizo mashine za kufulia, au bado mnagombana? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto peke yake ndilo linaloleta siasa. Baba yako naye mzima, anafukuzana na mabomba ya watu kama kawaida yake. Tangu mama yako atutoke anakula kwangu, na kila siku anasema chumvi imezidi, na kila siku sahani inarudi nyeupe.

Jana tumechagua mwenyekiti wa mtaa. Waliogombea ni wawili. Mmoja ni Mwalimu, yule yule aliyekufundisha kusoma kwa bakora na peremende. Wa pili humjui. Alihamia mwaka jana kwenye ghorofa la kona, nasi tunamwita Tabasamu kwa sababu hata ukimwambia umefiwa anacheka. Anataka nyumba za ng'ambo ya mtaro zivunjwe yajengwe maghala. Mwalimu anasema hazivunjwi. Hayo ndiyo yaliyotupeleka uwanjani.

Safari hii hakukuwa na karatasi wala sanduku. Imeamriwa kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, kwenye uwanja wa shule. Vijana wa Tabasamu, sura ngeni zote, walijipanga getini wamekunja mikono. Ungewaona watu waliokuwa wakimsifu Mwalimu dukani wiki nzima! Walimpita wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Mstari wa Tabasamu ulizunguka goli ukafika vyooni. Wa Mwalimu ulikuwa na watu arobaini na mmoja. Baba yako alikuwa wa tatu, spana bado mfukoni.

Mimi niliitwa kupiga picha ya kumbukumbu. Nilipanda juu ya meza, jua la asubuhi liko mgongoni, nikawapigia kelele wavue kofia, wageuke, wanyanyue nyuso. Unanijua, sipendi picha ya visogo. Imetoka safi, mwanangu, hata kovu la mwoka mikate linaonekana. Dosari ni moja tu: kivuli changu kimelala pembeni mwa picha, miguu ya meza na kila kitu. Kosa la mwanagenzi. Marehemu mume wangu angenicheka hadi Ijumaa.

Jioni baba yako ananiuliza, "Dada, na wewe ulisimama wapi?" Nikamjibu mpiga picha hasimami mstarini, yuko kazini. Akaendelea kula. Hiyo chumvi hakuitaja.

Shangazi yako


Tarehe 19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi mzima, kifua kimepungua kukohoa tangu wanihamishe kutoka kwenye mapipa ya kuchemshia kwenda kwenye upigaji pasi. Sasa napiga pasi mashuka ya hospitali mia mbili kwa siku. Nikifika kwangu, kitanda changu chenyewe hakijatandikwa.

Barua yako nimeisoma wakati wa chakula, wenzangu wakataka kujua nachekea nini. Shangazi, nipe hiyo picha! Miaka sita sijawaona watu wa mtaani. Na uniandikie majina nyuma, maana wengine nitakuwa nimewasahau, na wale watoto niliowaacha wanakojoa kitandani sasa wana ndevu. Nitaitundika juu ya kitanda.

Mwambie baba achunge midomo yake, namjua. Na wewe usijali maneno yake.

Mwanao, Kidomo


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Kidomo,

Salamu nyingi. Afya yangu si mbaya, nalala kidogo tu. Pasi yako isikuunguze.

Picha nimekukuzia, iko humu ndani. Nyuma nimewaandika wote arobaini na mmoja, kwa mpangilio walivyosimama. Wa mstari mrefu sikuwaandika, ningemaliza kalamu. Picha kama hiyo, bila majina, Tabasamu ameitundika ofisini kwake, kubwa kama mlango.

Habari za huku zinanikereketa, lakini nitakwambia. Mwoka mikate amefungiwa tanuri. Walisema moshi. Miaka ishirini moshi ule ule. Juma lililofuata fundi viatu alikuta kibanda chake kimelazwa chini, misumari imepangwa vizuri pembeni, kazi ya watu wasio na haraka. Kisha mama muuza maziwa. Nilidhani ni bahati mbaya mpaka nilipopita ofisini nikaitazama ile picha. Wa kwanza nyuma ya Mwalimu ni mwoka mikate. Wa pili ni fundi viatu. Mama wa maziwa ni wa nne.

Na Mwalimu hayupo. Wanasema amesafiri kwa dada yake. Niliingia kwake kumwagilia maua, nikakuta miwani yake mezani, juu ya kitabu kilichofunuliwa. Mwalimu bila miwani haoni hata mlango wa kutokea. Niliifuta nikairudisha pale pale.

Wa tatu unamjua. Hajaguswa bado. Nadhani ni kwa sababu pampu ya maji ya ghorofa la kona imekufa na hakuna mwingine anayeiweza.

Shangazi yako


Tarehe 15 Aprili

Shangazi wangu,

Shikamoo. Siulizi hali, maana nimeiona. Mimi mzima wa mwili.

Picha imefika salama. Asante kwa majina yote arobaini na moja uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe, hujasahau hata moja, una kichwa wewe! Nilikaa nayo nikagusa sura ya baba mpaka wenzangu wakaniita. Lakini furaha yote imeniishia niliposoma barua.

Shangazi, mwambie baba aje kwangu. Chumba ni kimoja lakini tutabanana. Huku mabomba yanavuja pia. Hiyo pampu ikipona tu, zamu yake imefika, si ndivyo? Basi asiitengeneze haraka. Amwambie Tabasamu kifaa kimeagizwa mbali. Na uje naye. Nijibu upesi.

Mwanao, Kidomo


Tarehe 27 Aprili

Mwanangu,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea dereva wa lori la saruji, umpe chai.

Sikiliza bila kulia. Siku hizi barua zote za mtaa zinapokelewa ofisini kwa Tabasamu, eti kurahisisha. Yako aliniletea mwenyewe studio, imefunguliwa kwa kisu, kazi nadhifu. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia la mawingu, akacheka kama kawaida. Akasema, "Binti wa kaka yako anaandika vizuri sana. Kumbe majina yote unayo, mama."

Usijilaumu. Nakujua, utataka kujipiga makofi. Sikukuonya, na mimi ndiye niliyewaambia watu wavue kofia.

Shida yao ndiyo hiyo, mwanangu. Yeye mgeni, vijana wake wageni. Wanazo sura, majina hawana. Hao wanne wa mwanzo walijulikana kwa kazi zao tu, si kwa majina wala nyumba wanazolala. Wengine wakiulizwa, hakuna anayewajua. Muuza duka aliyesimama mstari mrefu ameapa hamjui jirani yake aliyekuwa shahidi wa ndoa yake. Watu wameona haya, na haya ikiwapata watu, hugeuka kuwa ushujaa mdogo mdogo. Lakini mimi nina kabati. Miaka thelathini ya picha za vitambulisho, kila sura na jina lake nyuma ya bahasha. Mtaa mzima umo mle, waliopo na waliozikwa.

Ameniachia ile picha, vichwa arobaini na kimoja vimezungushiwa wino mwekundu. Nimepewa wiki moja kuandika jina na nyumba pembeni ya kila duara. Nikamwambia macho yangu mabovu. Akasema ataniletea miwani, anayo moja haina mwenyewe.

Ile niliyokutumia ichome. Leo hii.

Baba yako hataki kuondoka. Anasema akikimbia atakuwa amekiri kosa, na hajui kosa lenyewe ni lipi. Mtu mzima na spana yake, mbishi kama bomba lenye kutu. Nimemwambia sibishani naye, nitamtoa kwa njia yangu.

Shangazi yako


Tarehe 15 Mei

Mwanangu Kidomo,

Salamu. Dereva wetu yule yule. Mara hii usimpe chai tu, mpe na chakula, maana amebeba zaidi ya barua.

Majina niliwapelekea siku ya saba, kwa mwandiko wangu mzuri wa kwenye vyeti. Tabasamu alisoma akafurahi. Nikarudi nyumbani nikafunga mlango, nikacheka hadi goti likauma, kisha nikalia.

Nimewaandika marehemu. Kila uso nimeutafutia mtu wetu aliyekwisha kuzikwa, nikampa na nyumba aliyoishi zamani. Mwoka mikate nimempa jina la kinyozi wa kona. Mama wa maziwa nimempa jina la yule mkunga aliyekupokea ulipozaliwa. Baba yako, wanayemjua kwa spana tu, ni marehemu fundi saa. Walifanana paji la uso, na wote wabishi, sidhani kama atalalamika. Mume wangu nimemtumia pia. Alipenda kuwa msaada.

Basi siku kumi vijana wamezunguka mtaa na orodha yangu, wanabisha milango wanawaulizia maiti. Na watu, mwanangu! Siku ya kwanza tu wakaelewa. Hakuna aliyeambiwa. "Huyo? Ametoka sasa hivi." "Huyo kahamia ng'ambo ya mtaro." "Huyo hupatikana Jumapili, tena asubuhi." Yule muuza duka wa mstari mrefu ndiye aliyewazungusha kuliko wote. Wakati wao wanawatafuta waliolala, walio hai wameondoka, watatu leo, wanne kesho, na ndoo na magodoro. Wamebaki sita, nao wanatoka kesho.

Kabati nimelimaliza. Mwoka mikate alilifungua tanuri lake usiku kwa siri, akaliwasha mara ya mwisho kabla hajaondoka, tukatia humo miaka thelathini. Picha za harusi, za shule, ya kwako ukiwa huna meno ya mbele. Filamu zinaungua vibaya, zinajikunja kabla ya kushika moto. Iliniuma kama kuzika mara ya pili.

Baba yako yumo kwenye lori hilo, nyuma ya mifuko. Nilimdanganya kwamba kuna tangi limepasuka njiani na watoto hawana maji. Atakuwa amenikasirikia, mwache akasirike.

Utaniuliza kwa nini sikupanda. Lori lina nafasi ya mmoja, huo ndio ukweli, na huu mwingine ni kwamba nikiondoka watajua orodha ni ya uongo siku hiyo hiyo, na wale sita hawajatoka. Karani wa vifo, waliyemwendea kuhakiki orodha, amewaambia kitabu chake kinafunguliwa Jumatatu. Ni mtu wetu, amechelewesha alivyoweza.

Jana kijana mmoja alirudisha picha. Walikuwa wanahesabu upya. Wamezungushia duara la arobaini na mbili. Nikauliza hili ni la nini, hapa hapana mtu. Akaweka kidole kwenye kile kivuli changu, akasema, "Huyu wa mwisho hujamwandika."

Nilimwambia nitamwandika Jumatatu.

Shangazi yako


Tarehe 20 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Nauliza kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, na sijui niianze vipi vingine.

Baba yupo. Alishuka kwenye lori mweupe wa saruji toka kichwani hadi miguuni, spana mkononi, akauliza tangi liko wapi. Wiki mbili hakusema na mimi. Sasa anatengeneza mabomba ya chumba cha kufulia hapa hospitalini, na chakula changu anasema hakina chumvi.

Hii ni barua ya nne. Mbili zimerudi hazijafunguliwa. Ya tatu dereva aliichukua, akarudi nayo. Anasema studio imepigwa rangi upya na ndani mna magunia. Aliuliza kwa muuza duka, naye alitoka nje akafunga duka mchana ule, hakurudi mpaka lori lilipoondoka. Wale sita walitoka, hilo alilisikia. Mmoja amepita hapa na mtoto mgongoni. Hakujua habari zako, ila alilia alipotamka neno studio.

Shangazi, uliniambia nichome picha. Sikuichoma. Nilikaidi, unisamehe, iko chini ya godoro langu. Jana nilimwonyesha baba. Aliivuta karibu na dirisha akaitazama muda mrefu, mtu mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho. Pale, baada ya mtu wa arobaini na mmoja, kivuli chako kimelala kwenye nyasi, miguu ya meza na kila kitu, na kichwa chako kimegusa visigino vya yule wa mwisho. Kimefuata mstari wa Mwalimu sawasawa. Baba akaweka kidole pale, akasema, "Mimi nilimuuliza ulisimama wapi. Mjinga mimi." Kisha akatoka kwenda kwenye mabomba yake, na sikuyasikia yakigongwa.

Nimegeuza picha nikachukua kalamu. Mwandiko wangu si mzuri kama wako, umepinda kidogo pale chini. Wa arobaini na mbili nimekuandika wewe, kwa jina lako lenyewe, jina la mtu aliye hai.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao, Kidomo