Laini Yetu kwa Jina la Mama Mdogo

Mwanangu Nafula,

Ninakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu sina mahali pengine pa kukuandikia. Namba uliyoishika kichwani si yetu tena. Nitakueleza ilivyotokea polepole, kama nilivyokueleza mambo ya umeme ukiwa mdogo, maana nikieleza haraka utadhani tulikuchoka.

Unakikumbuka kichuguu nyuma ya jiko letu hapa Lunyo, upande wa Uganda. Chini mtandao wa Uganda ndio uliotawala, wa Kenya ukija na kukatika. Ukipanda juu, wa Kenya ulifika vizuri kutoka ng'ambo ya mpaka. Mgeni akija kuniulizia, mama yako alijibu, "Ameenda Kenya," nawe ulicheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu mgeni aliniona nimesimama pale pale, nimeinua simu kama mtu anayepima mvua.

Simu zangu! Kila niliponunua mpya kule Tororo, wewe ndiwe uliyefungua kisanduku. Ulibandua ile karatasi nyembamba inayofunika kioo taratibu, ukaibandika kwenye daftari lako la hesabu. Mama yako aliuliza kutoka jikoni, "Mwalimu, ile ya zamani imekufa kwa ugonjwa gani?" Siku moja nilikuchukua twende wote. Ulitazama minara iliyo juu ya ule mwamba wa Tororo, ukaniuliza, "Baba, mtu akipiga simu asipokelewe, maneno aliyotaka kusema yanaenda wapi?" Nilikueleza habari za mawimbi njia nzima. Ulilala kabla sijafika kwenye jibu.

Laini ya Kenya, ya kuzungumza na ndugu zetu wa ng'ambo, ilitaka kitambulisho cha Kenya, nasi tuko upande huu. Tukafanya wanavyofanya watu wa mpakani: tukaazima jina la ndugu. Mama mdogo wako Taaka, aliyeolewa Busia ya ng'ambo, aliisajili kwa jina lake akanikabidhi. "Shemeji," alisema, "kuanzia leo kwenye mitambo wewe ni mwanamke wa Kenya. Ujifunze kupika." Tulicheka. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Wengi wetu hapa tunazungumza na dunia kwa majina ya shemeji zetu.

Ulipoondoka kwenda kazi za nyumbani Uarabuni, mimi na mama mdogo tulikusindikiza. Uliisoma namba ile bila kuangalia popote, kisha ukagusa paji la uso wako. "Wakininyang'anya simu, baba, hii hawawezi." Na simu wakakunyang'anya kweli. Ulitupigia kwa simu za kuazima, kwa minong'ono, mama yako akikimbilia kichuguu bila viatu. Mara ya mwisho ulisema, "Hapa si pazuri. Nikipata nafasi nitapiga, mnitafutie njia ya kurudi. Msiiachie simu."

Hatukuiachia, Nafula. Nililala nayo.

Kisha mama mdogo Taaka akafariki. Najua hukuwa na habari, na ninasikitika kwamba unaisoma hapa. Tulivuka tukamzika. Baada ya matanga, watoto wake walifanya jambo la haki kabisa: walipeleka hati ya kifo kwenye kampuni ya simu, wakachukua pesa zilizobaki kwenye simu ya mama yao, na kampuni ikazifunga laini zote zenye jina lake. Zote. Katika msiba ule, nani angekumbuka kwamba mojawapo ilikuwa ikiishi Lunyo?

Simu yangu ilipoandika kwamba hakuna mtandao, sikufikiria msiba. Nilifikiria mitambo. Upande wetu walikuwa wamesimamisha mnara mpya, nikamweleza mama yako jinsi wimbi lenye nguvu linavyolimeza lililo dhaifu. Nikabadilisha simu. Ilipokataa, nikabadilisha tena, nikachukua ile wanayoisifu kwa kushika mtandao wa mbali. Nikahamia kampuni nyingine yenye intaneti ya kasi ili nikutafute huko kwa jina lako. Niliwakuta akina Nafula wengi, wenye nyuso za furaha. Hukuwemo. Mama yako alinisikiliza, maelezo baada ya maelezo, akaniuliza, "Umemaliza, Mwalimu? Basi vuka ukaulize." Nami nilikuwa bado nasubiri chaji ijae. Miezi ikapita hivyo.

Nilipovuka, kijana wa duka la kampuni ya simu aliitazama kompyuta yake, akashusha sauti. "Pole, mzee wangu. Mwenye laini ameaga."

"Mwenye laini ni mimi."

"Hapana, mzee. Ni mama. Na namba imeshapewa mtu mwingine."

Niliipiga namba yetu nikiwa nimesimama pale nje. Ilipokelewa na sauti ya msichana, na moyo wangu mpumbavu ukasema, "Nafula?"

"Si Nafula. Umekosea namba."

Nilimwomba asikate. Nilimweleza yote. Akasema, "Mzee, usinikasirikie. Kuna mwanamke alipiga, namba haikuonekana. Alisema, 'Baba?' Nikamwambia amekosea. Akapiga tena, analia, anasema hii ni namba ya baba yake. Nikadhani ni hawa matapeli wa siku hizi. Nikamwambia asinisumbue."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Samahani.' Akakata."

Nilimsihi aniuzie laini ile, au achukue simu yangu mpya badala yake. Alikataa kwa heshima. "Siwezi, mzee. Nafanya kazi Nairobi, na mama yangu kule nyumbani ameishika namba hii tu." Ningembishia vipi?

Huwa ninampigia bado. Ananijua sasa. Hanisubiri niulize. "Bado, baba," anasema, nami ninamshukuru. Simu zangu zimelala mezani, zina chaji, zina mtandao, na hakuna hata moja unayoweza kuipata. Mama yako haulizi tena zinakufa kwa ugonjwa gani. Asubuhi anapanda kichuguu na ile ya zamani, ingawa nimemweleza kwamba haiwezi kulia. Siku hizi simwelezi. Ninampelekea viatu.

Lile swali lako la Tororo, jibu lake lilikukuta umelala, na leo ningetamani nisilijue. Maneno yale hayaendi popote. Hayakusubiri hewani. Uliposema "Baba?" neno lile lilifika mwisho wake palepale, na lililobaki kwako ni kwamba nyumbani hawakutaki.

Si kweli. Nimempa binti yule maneno ya kukuambia ukipiga: kwamba baba ameenda Kenya, yuko juu ya kichuguu. Utajua ni sisi. Kwa hiyo ukipata tena simu ya kuazima, ukasikia sauti ya mgeni, usiseme samahani. Taja jina lako. Usikate.

Ni mimi, baba yako.